Kigoda Nyuma ya Bwana Mifugo

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Nalisema mapema ili mtu asije kuniuliza mbele ya safari cheo cha uandishi nilikipata wapi. Sikukipata popote. Nilikalishwa juu yake, na kushuka ikawa kazi.

Ilikuwa mwaka 2012. Jumamosi nilikuwa nakuja Kasulu mjini kutoka Titye na baiskeli yangu, nimepakia maharage. Mnunuzi wangu alikuwa mtu asiye na haraka hata kidogo, hivyo nilikuwa namsubiri kwenye baraza ya duka moja la vitenge. Mwenye duka tulimwita Alhaji. Alizaliwa Ujiji, babu zake watu wa pwani, na kwenye baraza yake ndipo zilipochezwa karata. Sizisemi karata za vijana wa stendi, zile za kuangalia nani ana vidole vyepesi. Hizi zilikuwa karata za watu wazima, ule mchezo ambao watu wa pwani wanauita wahedi wa sitini: watu wanne, wawili wawili, mwenzako anakaa mkabala nawe, na upande utakaochuma pointi sitini na moja umeshinda.

Nieleze kidogo, asiyejua asipotee njiani. Karata zina jamii nne: kopa, uru, pau na shupaza. Kila mchezo jamii moja inafanywa turufu, nayo inazipiga nyingine zote. Katika jamii, mkubwa ni ree, anafuata saba, kisha wale wenye sura za watu, ambao tunawaita wazungu. Na sheria moja ndiyo mama wa zote: mtu akitanguliza kopa, nawe unayo kopa mkononi, lazima utoe kopa, hata kama inakuuma. Ukiwa nayo ukatoa kitu kingine, hiyo inaitwa kuficha. Kuficha ni wizi. Basi, mengine si lazima uyajue.

Mimi nilikuwa natazama, halafu nawasimulia waliokuja wamechelewa. Nilisimulia nani alitoa nini, nani alikunja uso, nani alimkanyaga mwenzake mguu chini ya meza. Watu walicheka. Alhaji siku moja akaniambia, "Mzee, haya unayosema yanapotea hewani. Yaandike." Akanipa chaki na kunionyesha ubao mweusi alioutundika ukutani kutangaza bei za vitenge. Nikaandika kama ninavyoongea, maana kuandika kwingine sikujui. Jumamosi iliyofuata nilikuta watu wamejaa mbele ya ubao, mwanamke mmoja kabeba tenga la ndizi kichwani anasoma mpaka mwisho bila kulitua. Vijana walipiga picha kwa simu wakazituma Kibondo. Toka hapo nikawa mwandishi wa karata, na wachezaji wakawa watu wakubwa. Vijana waliwaita mapro, neno walilolitoa redioni kwenye habari za mpira.

Hapo ningeacha. Sikuacha, na sababu ni kigoda.

Kabla yangu, mashindano ya Kasulu na Kibondo yalikuwa yanaishia kwenye ugomvi. "Ulificha!" "Sikuficha!" Karata zikishafunikwa nani atajua? Viti viliruka. Wazee wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba nyuma ya kila mchezaji atakaa mtu wa mji wake mwenyewe, kwa sababu hakuna anayekubali mtu wa mji mwingine azione karata zake. Huyo mtu ataona kila kitu, na mchezaji wake akificha, atanyoosha mkono na kusema neno moja: "Imefichwa." Likisemwa, upande wa aliyeficha umeshindwa palepale. Anasema kabla karata za mezani hazijafunikwa. Zikishafunikwa, zimefunikwa, hakuna kesi. Zaidi ya neno hilo hana ruhusa ya kufanya kitu. Asikohoe. Asijikune. Asitabasamu. Asiinuke mpaka mchezo uishe, maana hata kuinuka kunaweza kuwa ishara kwa mtu. Kigoda chenyewe kilichongwa na fundi wa Kitanga, yule mchonga vinu. Aliwahi kumchongea mke wangu mwiko, ukapasuka siku ya kwanza kwenye ugali. Kigoda hakikupasuka. Ningeshukuru kama kingepasuka.

Kasulu waliona mwandishi ndiye anayefaa kukikalia, kwa kuwa ataandika alichokiona kwa karibu. Hivyo Jumamosi yangu, hata ya michezo ya kirafiki, ikawa hivi: naingia, baiskeli yangu inafungiwa stoo isiibiwe, ufunguo uko mfukoni kwa Alhaji, Alhaji yuko mezani, nami niko kwenye kigoda. Ninapomaliza kuandika jua limeshazama na njia ya Titye ni ya giza, nalala chumba cha nyuma ya duka, juu ya marobota ya vitenge, chumba kisicho na dirisha, kina harufu ya nguo mpya ambayo mpaka leo ikinipata nahisi kukosa pumzi. Jumapili naamka, kuna mchezo wa marudiano. Sukari na sabuni nilipewa, siwezi kusema sikupewa. Lakini Januari moja mvua ilinyesha juu ya maharage yangu yaliyokwisha kauka shambani, yakaanza kuchipua ndani ya maganda yake mimi nikiwa namtazama mtu akiwaza atoe pau au asitoe.

Mke wangu aliniambia, "Yewe, umeoa duka la Alhaji?"

"Ego," nikamjibu kwa Kiha chetu. Ndiyo. Ningesema nini?

Sasa, mchezaji niliyekuwa nakaa nyuma yake. Alikuwa bwana mifugo, mtumishi wa serikali aliyepangiwa kwetu kutoka Pangani. Mwembamba, mrefu, mtaratibu wa maneno, kila asubuhi shati limepigwa pasi hata kama anakwenda kumtia mkono ng'ombe. Karata alizijua tangu utotoni kwao. Mwenzake mezani alikuwa Alhaji mwenyewe. Wale wawili wakikaa mkabala, walikuwa wanaongea kwa karata kama mume na mke wa siku nyingi wanavyopeana chumvi bila kuulizana. Ile 2012 waliwapiga Kibondo mpaka Kibondo wakaondoka bila kula.

Nikiwa nyuma yake niliujua mgongo wake kuliko ninavyoujua wa mke wangu. Nilijua akipata karata mbaya shingo inalegea, akipata nzuri sikio la kulia linasogea kidogo. Hilo la sikio sikuliandika ubaoni kamwe, maana Kibondo wangelisoma. Nilijua pia kwamba akishachukua karata za mezani, anazifunika haraka sana, pa! Kama mtu anayefunga mlango kuzuia kuku wasiingie.

Ni mbuzi wangu waliotuleta pamoja. Walipata ugonjwa wa kwato, akaja mpaka Titye na pikipiki yake. Alipomaliza kuwatibu, mke wangu akamletea maji ya kunawa na mahindi ya kuchoma, tukakaa nje. Nikamuuliza lini anakwenda likizo kwao.

"Nimetoka huko mwezi uliopita, mzee wangu."

"Wazima?"

"Wazima. Mke wangu anafundisha, hawezi kuhama, mama yangu haoni sawasawa na yeye ndiye anayemwangalia. Nina binti mdogo. Nilipofika mlangoni akakimbia ndani, nikasikia anasema, 'Mama, mama, mgeni amekuja.'"

Akageuza hindi lake. Nilifikiri atacheka, kwa sababu alisema kama mtu anayesimulia kichekesho.

"Nikakaa siku zangu zote za likizo," akasema. "Nikambeba, nikamnunulia pipi. Siku ya kuondoka akanipungia mkono: 'Kwaheri mgeni.' Mzee, nataka uhamisho. Sitaki kitu kingine hapa duniani."

Ombi alikwisha kuliandika. Lilikuwa limekaa kwa mkubwa wake wa kazi, maana lazima alipitishe yeye. Na mkubwa huyo, msomaji wangu, ndiye alikuwa mwenyekiti wa klabu ya karata ya Kasulu. Alikuwa mtu mnene mwenye kucheka sana, anayependa kushinda kuliko kula, na kula alikuwa anakupenda. Kucheza hajui. Ila akikaa pembeni ya meza na soda yake, utafikiri ndiye aliyezaa karata.

Bwana mifugo alipomwendea baada ya ushindi ule wa 2012, mkubwa akamkumbatia. "Bingwa wangu! Nikuachie uende Pangani, halafu Kibondo waje kunicheka hapa? Subiri kidogo."

Ikapita. Mwaka 2013 mashindano yalikuwa Kibondo. Tulikwenda kwa gari la mtu, vumbi limetupaka mpaka tukafika wote tuna rangi moja. Huko bwana mifugo akashindwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na nasema alishindwa kwa kutaka. Alitoa saba mahali ambapo hata mimi ningetoa kidogo. Hakuficha, hakuvunja sheria, alicheza tu kama mtu aliyelala. Alhaji alimtazama kwa macho ya mtu anayeuliza kama chakula kimeungua. Kibondo walikuwa na fundi baiskeli mmoja, mfupi, mdomo hauna breki, akapiga meza kwa furaha: "Bwana mifugo, pole! Nenda ukacheze na mitamba!"

Njiani kurudi, bwana mifugo alikaa karibu na dirisha, nikaona shingo yake imetulia. Alidhani amejikomboa. Tulipofika Kasulu, akamfuata mkubwa wake palepale kwenye gari. "Mzee, sasa nimechoka, unaona mwenyewe sifai tena. Naomba niende."

Mkubwa akamshika bega. "Uende? Na aibu hii uniachie mimi? Huendi popote mpaka tulipize!"

Akishinda haondoki, akishindwa haondoki. Niliona mgongo wake ukibadilika, na mgongo mimi siukosei.

Wiki chache baadaye alinifuata kwenye kile chumba cha marobota, mchana, nikijinyoosha. Alisimama mlangoni kwa sababu ndani watu wawili hawatoshi.

"Mzee wangu, wewe ndiye umenifunga hapa."

"Mimi tena?"

"Ubao wako. Unanipamba. Unaandika mkono wangu unatembea kama wa mshona hariri. Mkubwa anasimama pale kila Jumatatu anasoma kwa sauti. Niandike vibaya."

Nikamwambia siwezi kuandika uongo, watu wananiamini. Akaniambia si uongo, andika tu nilivyo: nimechoka, nimezeeka, akili haipo. Nikaona hilo si uongo. Jumamosi ile nikaandika kwamba bwana mifugo siku hizi mikono inamtetemeka, anasahau turufu ni ipi, na kwamba Kasulu itafute mtu mwingine kabla haijaaibika. Nilijitahidi sana. Naweza kusema ndiyo habari niliyoiandika kwa jasho kuliko zote.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Walidhani ni mtego! Walidhani tunawadanganya Kibondo wajisahau. Mkubwa alikuja mwenyewe dukani kunipa mkono. "Mzee, hii ni mbinu ya vita! Nani kakufundisha?" Na Kibondo nao wakajibu kwa simu kwamba hawadanganyiki, wanajua simba akilala hajafa. Bwana mifugo alisimama nyuma ya umati akisoma. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Basi," akaenda kuchanja kuku wa mtu.

Sasa ninakuja kwenye kiangazi cha 2014, mashindano ya Kasulu. Zawadi ilikuwa fahali. Alifungwa kwenye mti mbele ya duka, mweusi, mwenye nundu nzuri, na kwa kuwa alitoka Rungwe Mpya ilibidi aangaliwe afya kabla hajakabidhiwa kwa mshindi. Nani wa kumwangalia? Bwana mifugo. Asubuhi alimchoma sindano, mchana akakaa kumgombania.

Fundi baiskeli wa Kibondo aliona. "Jamani, daktari wa fahali ndiye mchezaji! Bwana mifugo, hukumnong'oneza akatae kwenda Kibondo?"

"Nimemwambia achague mwenyewe," bwana mifugo akajibu. "Amesema fundi baiskeli atamfunga kerieri."

Watu wakaangua kicheko. Turubai lilikuwa limetandazwa juu, jua limelipiga, chini yake joto la kupikia. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Mkubwa alikaa pembeni na soda yake. Wakacheza mchana kutwa, Kasulu akachukua, Kibondo akachukua, mpaka wakalingana na kukabaki mchezo mmoja wa kuamua. Jasho lilinitoka usoni likaingia jichoni, sikulifuta. Nzi wa fahali alitua kwenye pua yangu. Nilimwacha atembee. Mbele yangu palikuwa na ule mgongo, nyuma yangu ukuta, kushoto watu, kulia watu, na baiskeli yangu nilikuwa naiona kupitia mlango wa stoo, imefungwa mnyororo.

Karata zikagawiwa. Turufu shupaza.

Bwana mifugo akaziinua zake moja moja, akazipanga. Nikaona ree ya shupaza. Nikaona saba ya shupaza. Nikaona mzungu wa nne wa shupaza, mkubwa wa wazungu, na shupaza nyingine ndogo zikiwafuata kama watoto. Nikaona ree ya uru. Nikaona ree ya pau. Na mwishoni kabisa, peke yake, mbili ya kopa, yaani kopa mbili, karata isiyo na thamani yoyote. Katika maisha yangu sijaona mkono kama ule. Mtoto mchanga angeshinda nao. Alhaji angeweza kwenda kuswali akarudi akakuta wameshinda. Nikasubiri sikio la kulia lisogee. Halikusogea.

Badala yake shingo ikalegea.

Nikaelewa. Hata kushindwa sasa hakuwezi. Karata ule mwaka zilimjia kama mkubwa wake, zinamkumbatia hazimwachii. Atashinda, atabebwa juu, na mwaka unaokuja binti atakuwa ameongezeka kimo na atasema karibu mgeni kwa adabu zaidi.

Fundi wa Kibondo akatanguliza ree ya kopa, kwa mbwembwe, akaipigiza mezani. Zamu ya bwana mifugo. Anayo ile kopa mbili. Sheria iko wazi, anaitoa, anapoteza kijipande kidogo cha mchezo, kisha anawafagia.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Siku zote alikuwa anazishika karata zake zimebanana, mimi mwenyewe nalazimika kunyoosha shingo. Safari hii alizifungua pana, kama mkia wa tausi, na ile kopa mbili akaisogeza kwa kidole gumba ikakaa juu ya nyingine, pale ambapo hata mzee mwenye mtoto wa jicho angeiona. Halafu akachomoa shupaza ndogo, akaiweka juu ya ree ya kopa.

Turufu. Mwenzake fundi akatupa karata yake, Alhaji akatupa yake, akitabasamu, akiamini mwenzake hana kopa hata moja. Watu wa Kasulu wakapiga kelele. Bwana mifugo akanyoosha mkono kuzichukua zile karata nne.

Hakuzifunika. Mkono ulikaa juu yake. Yule mtu wa pa! Mkono umekaa, vidole vimetulia, ananisubiri.

Sitasema muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani, maana sijui. Najua niliyoyawaza. Niliwaza: nikinyamaza, atafunika, atashinda, hataondoka. Nikisema, ataitwa mwizi Kasulu na Kibondo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwita. Niliwaza pia mbuzi wangu, sijui kwa nini, wamepona na wanatembea vizuri. Nikanyoosha mkono.

"Imefichwa."

Kelele zikakatika. Hata fahali nilimsikia akipumua.

Alhaji alinigeukia taratibu. "Mzee, umeona vizuri? Hili joto, na macho yako..." Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Alikuwa ananipenda, na mwenzake alikuwa anampenda zaidi.

"Ana kopa mkononi," nikasema. "Kopa mbili."

Bwana mifugo hakubishana. Aliitoa mwenyewe, akailaza mezani, sura juu. "Mzee kaona," akasema. Kisha karata zake zilizobaki akazichanganya na za mezani, akazikoroga kwa mikono miwili kabla mtu yeyote hajaziangalia.

Fundi baiskeli ndiye aliyevunja ule ukimya. "Lo, bwana mifugo! Fahali umemchoma sindano, halafu na kumuiba unataka?" Lakini hata yeye hakucheka sana.

Mkubwa aliinuka. Soda yake ilianguka ikamwagika, hakuitazama. Alikuwa ameaibishwa mbele ya Kibondo, kwenye baraza ya nyumbani. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Wewe ulitaka kwenda kwenu? Utakwenda. Mtu kama wewe simtaki mezani kwangu, wala ofisini kwangu." Akaondoka. Kibondo wakamfungua fahali wao.

Alhaji alibaki amekaa, anaitazama ile kopa mbili. "Ungeniambia kama una shida," akamwambia mwenzake. "Ungeniambia mimi." Bwana mifugo aliendelea kuzikusanya karata. Kumwambia ukweli Alhaji ilikuwa ni kuurudisha mchezo upya, maana Alhaji asingekaa kimya, angemtetea mji mzima.

Kisha wakanitazama mimi, na ubao.

Niliandika. Niliandika kwamba bwana mifugo alificha kopa mbili, na mtu wa kigoda aliiona, na Kasulu imeshindwa kwa haki. Yote kweli. Sikuandika karata nyingine alizokuwa nazo. Ningeandika ree tatu na saba ya turufu, watu wangesimama pale na kuhesabu, wangeuliza: mtu mwenye mkono wa kushinda anaiba kwa ajili gani? Na mkubwa hakuwa mjinga. Angelirarua ombi siku hiyohiyo. Kwa hiyo mimi peke yangu nilijua, na mwenyewe, kwamba aliiba kitu ambacho kilikuwa chake tayari. Ninaeleza leo kwa kuwa yule mkubwa naye alikuja kuhamishwa, na Alhaji nilimweleza mwenyewe siku moja kabla hajafunga duka. Akanunua chai ya watu wote waliokuwa barazani.

Uhamisho ulitoka upesi kuliko mbolea ya ruzuku. Asubuhi ya kuondoka, stendi, zaidi yangu hakuna mtu wa karata aliyekuja kumuaga. Vijana waliokuwa wakimwita pro walikuwa wanapakia mizigo juu ya basi, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Angalieni mabegi yenu." Bwana mifugo alikuwa na shati lake la pasi. Aliniinamia kama kawaida.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeandika vizuri."

"Nimeandika ulichofanya."

"Ndiyo." Akatazama ile njia. "Wale mbuzi, mvua zikianza usiwaache kwenye tope." Akapanda. Sikumwona tena.

Mimi nilidhani nami nimetoka. Nilimwambia Alhaji kwamba baada ya jambo lile sifai kukaa nyuma ya mtu, moyo haupo, atafute mwingine, anipe baiskeli yangu. Nilikuwa nimesahau ni mji gani ninaoongea nao.

"Mwingine?" Alhaji akasema. "Mzee, wewe umemsema mtu wa kwenu, rafiki yako, fahali akiwa amefungwa pale. Kibondo wenyewe wamesema hawachezi na sisi kama si wewe kwenye kigoda. Mwingine tumtoe wapi?"

Ikawa hivyo. Kila nilipokwenda niliambiwa mimi ndiye mtu wa haki. Akina mama walinionyesha kwa watoto wao. Mnunuzi wa maharage alianza kunipimia bila kuangalia mizani, akisema mzee huyu hawezi kudanganya. Nikakaa. Nyuma ya mchezaji mpya, mwalimu mmoja mnene mwenye mgongo usiosema chochote.

Mwaka 2015, ule mwaka ambao malori ya wakimbizi yalianza kupita tena barabarani na watu walikuwa wanasimama kimya kuyatazama, Jumamosi moja nikiwa kwenye kigoda simu yangu ikaanza kutetemeka mfuko wa shati. Sina ruhusa kuigusa. Ilitetemeka ikanyamaza, ikatetemeka tena, kifua changu chote kikawa kinavuma. Anayenipigia mchana wa Jumamosi ni nani? Kila mtu Kasulu anajua niko wapi. Nilijua ni mtu wa mbali.

Fundi baiskeli alikuwa mgeni wetu siku hiyo. "Mzee wa kigoda," akasema bila kuinua macho kwenye karata zake, "moyo wako unapiga honi."

Mchezo ulipoisha, kabla ya mwingine, nilitoka barazani nikaipigia ile namba. Ikapokelewa na sauti ya mtoto.

"Nani?"

"Mimi mzee, wa Kasulu."

Nikasikia simu inabebwa mbio, miguu inapiga sakafu. "Baba! Baba, kuna mzee!"

Akaja. Tukasalimiana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, na yote yakanitoka. Aliniuliza habari za mbuzi. Nikamwambia mmoja amezaa mapacha. Aliniuliza habari za Alhaji, nikamwambia mzima. Nyuma yake mtoto alikuwa anamvuta, anadai kitu, anamwita na kumwita, naye akamwambia ngoja mama, naongea na babu.

"Bado unakalia kile kigoda, mzee wangu?"

"Bado."

"Pole, mzee," akasema.

Nikamshukuru, nikarudi kukaa, maana walikuwa wameshagawa karata.